Nusu Haikuwa na Mstari

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo upande wa milimani, mito inayoteremka ziwani huibomoa barabara ya Uvira, na magari hulala Mboko yakingoja. Zamani habari hiyo sisi watu wa Baraka hatukuipata kwa madereva. Tuliipata kwa pua ya muuguzi. Machozi yalianza kumlengalenga, akapiga miayo mbele ya wagonjwa bila kuziba mdomo, kisha chafya zikamshika, tano, sita kwa mpigo, jua likiwa kali hata mbwa wanatafuta kivuli. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walitazamana, na mmoja wao akasema kwa sauti ya kumtosha kila mtu kusikia: "Barabara imekatika, bamama. Docta iko na mafua."

Watu walicheka. Naye alicheka pamoja nao, akijifuta kwa leso. Ilituchukua miaka kuelewa tulikuwa tunacheka nini.

Jina lake sitaliandika. Watoto wake wako hai, wametawanyika mbali, na jina hilo ndilo wanalotumia. Nitamwita muuguzi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya, na ndivyo alivyobaki hata alipokatazwa kuifanya. Watu walimwita Docta, kama wanavyomwita kila avaaye koti jeupe katika kituo cha afya chenye vyumba vinne. Yeye alikikataa cheo hicho hata mara kumi kwa siku. "Docta iko Uvira," alisema. "Mi ni anfirmie." Neno hilo la Kifaransa, muuguzi, alilitamka taratibu, silabi kwa silabi, kama anayeweka kitu cha kioo mezani.

Mwilini mwake kulikuwa na mambo ambayo tuliyaona kila siku bila kuyasoma. Alivaa shati la mikono mirefu majira yote, vifungo vya mikononi vimefungwa, hata wakati joto la ziwa linapowafanya wanaume wazima wakae barazani vifua wazi. Tulisema ni adabu ya kikazi. Alikula papai kila asubuhi, papai zima, na mbegu zake alizitafuna. Akikosa papai alikuwa mtu wa kuhangaika, akituma watu hadi upande wa Nundu kulitafuta. Tulisema ni mtu anayejua afya. Jioni, wakati wengine bado wanasoma nje kwa mwanga wa anga, yeye alikwisha kuwasha taa, akilalamika kwamba dunia inaingia giza mapema siku hizi. Tulisema ni uzee. Baadaye nilisoma katika kitabu kwamba dawa kali za maumivu, kwa anayezizoea, hubana mboni ya jicho na kufunga tumbo. Ushahidi wote tulikuwa nao, na kwa kila kimoja tulikuwa na maelezo ya heshima.

Alikuwa na namna yake ya kumuuliza mgonjwa. Hakusema "unaumwa wapi." Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko mgonjwa, akauliza: "Ile maumivu, leo inakaa wapi?" Kana kwamba maumivu ni mgeni aliyehama chumba usiku. Mgonjwa alianza kueleza: jana ilikuwa kiunoni, leo imeshuka kwenye goti. Naye alisikiliza kwa umakini ambao sijauona kwa madaktari niliowafahamu baadaye mjini. Sasa nadhani alikuwa akimsikiliza mtu wa nchi yake. Yeye naye alikuwa na mgeni, na hakuwa na mtu wa kumwuliza leo anakaa wapi.

Dawa kali za maumivu zilikaa ndani ya sanduku dogo la chuma, na sanduku ndani ya kabati. Palikuwa na makufuli mawili. Ufunguo mmoja aliuvaa muuguzi shingoni, umefungwa kwa kipande cha bendeji. Wa pili ulikuwa kwa msimamizi wa kituo. Kila ampuli, kichupa cha dawa ya sindano, iliyotumika ilipaswa kurudishwa tupu, kioo chake kikiwa kimefungwa katika karatasi yenye jina la mgonjwa, ndipo nyingine iletwe. Dawa hizo zilisafiri kwa gari tu, na karatasi za mihuri. Hakuna mwenye mashua aliyekubali kuzibeba, kwa kuwa askari wakizikuta bila karatasi, anayelala ndani ni yeye.

Siku moja waliteremka watu kutoka milima ya Fizi wakimbeba mfugaji kwenye kipoyi cha mianzi. Ng'ombe alikuwa amemvunja paja. Msimamizi alikuwa safarini na ufunguo wake mfukoni. Ndugu za mfugaji walimsihi muuguzi avunje kufuli la pili, wakasema watalinunua jipya, wakasema watajibu wao kwa Serikali. Alikataa. "Kufuli moja ni langu," aliwaambia. "La pili haiko langu." Wakamtukana kwa lugha yao na kwa Kiswahili. Yeye alikaa sakafuni, akaushika mguu ule kwa mikono miwili usitikisike, tangu saa sita mchana mpaka msimamizi aliporudi jua likizama. Nilikuwa hapo nikimsubiri shangazi yangu. Nilimwona akitetemeka na kutokwa jasho, nikamsifu moyoni kwa huruma yake.

Miaka mingi baadaye alinieleza kutetemeka kule. Kati ya watu wote waliokuwa chumbani, alisema, aliyetamani zaidi sanduku lifunguliwe hakuwa mfugaji.

Sasa nifike kwa mama yangu, kwa maana bila yeye ningekuwa nasimulia habari za jirani tu.

Mama alikuwa akipika mawese, kazi ya wanawake wengi wa kwetu. Pipa likaegama, mafuta yanayochemka yakammwagikia kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu. Nilikuwa msichana mwanafunzi wa chuo kikuu huko Bukavu. Nikarudi nyumbani, nikakaa naye kituoni wiki saba. Kila siku ya pili bendeji zilibadilishwa. Anayejua kidonda cha moto anajua kwamba siku ya kubadilisha ndiyo siku yenyewe. Muuguzi alimchoma sindano kwanza, akangoja, kisha akaanza kubandua kitambaa kwa subira, akikilowesha, akizungumza naye habari za bei ya muhogo ili masikio yake yawe na shughuli.

Lakini palikuwa na siku ambazo sindano haikufanya kitu. Mama aliuma kanga mpaka ikatoboka. Akitulia alisema tu: "Leo sindano iko nalala."

Siku moja ya namna hiyo nilitoka kwenda kuchota maji ya kunywa. Ukumbini palikuwa na birika la maji yaliyochemshwa. Nikamkuta muuguzi amesimama mbele yake, ananipa mgongo, anavuta maji kwenye bomba la sindano. Alisikia hatua zangu, akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, kamasi zinamtiririka. Ilikuwa wiki ya pili barabara imekatika. Alinipita, akaingia kwa mama yangu, akamchoma maji yale, nami nikaingia nyuma yake nikamshika mama mkono.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikupiga kelele. Ningependa kuandika kwamba sikuelewa. Nilielewa. Nilihesabu haraka, kama wanavyohesabu watu waliosoma: akiondolewa huyu leo, nani atamfunga mama kesho? Hakuna mwingine mwenye mikono kama yake. Basi nikamwacha mama aumie mikononi mwa mtu aliyemwibia, kwa kuwa ndiye aliyejua kufunga vizuri. Mama aliporuhusiwa kwenda nyumbani, anatembea, ndipo nikaandika barua ya mashtaka kwa Serikali.

Barua ilikuwa nzuri. Aya zake zilipangika, na hakuna neno lililokuwa la uongo. Askari wawili walikuja kumchukua asubuhi, mbele ya foleni. Alivua ufunguo shingoni akamkabidhi msimamizi, akavua koti jeupe, akalikunja mara nne. Alimwuliza askari kama anaweza kwenda na papai lake.

Walimfungia chumba cha polisi siku nyingi kabla ya kumpeleka gerezani. Waliopita karibu walisema ameshikwa na malaria ya kichwa: anatapika, anajikunyata, anajigonga ukutani, anaomba blanketi kwenye joto lile. Mke wake alimpelekea dawa ya malaria. Katika mkasa wote ule hakuna aliyetamka kwamba mtu huyu ni mgonjwa na kwamba ugonjwa wake una jina. Sheria ilimtambua kama mwizi wa dawa, na wizi aliufanya kweli. Ukurasa wa mgonjwa haukuwamo.

Nilimweleza mama habari ya maji yale na ya barua. Tulikuwa na mpapai nyuma ya nyumba, na tangu atoke kituoni alikuwa akimpelekea muuguzi mapapai kila Jumatatu kama shukrani. "Alinifunga muzuri," alisema. "Lakini alinipa mayi." Mkewe muuguzi alipokuja kuomba papai la kumpelekea mumewe, mama alimwambia mti umekauka. Mti ulikuwa umesimama pale pale, mbele ya macho ya wote wawili, umejaa.

Alirudi baada ya mwaka na zaidi. Mkewe alikuwa ameshakwenda kwa ndugu zake Kalemie na watoto. Koti jeupe alikatazwa kulivaa, sindano alikatazwa kuigusa. Akaanza kazi ya kushona vyandarua vilivyochanika. Alikaa kwenye kibaraza cha chumba chake, karibu na mama mmoja anayeuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, na watu walimletea vyandarua kutoka mitaani na hata kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Mshono wake ulikuwa mshono wa jeraha: pigo moja, fundo, mkato; pigo moja, fundo, mkato. Mbu hakupita. Wateja walimwachia chandarua mlangoni na kukifuata baadaye, ndani hawakuingia. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na benchi hilo lilibaki lake peke yake. Nadhani hakuna aliyekubaliana na mwenzake kulikwepa. Kila mtu aliona tu nafasi nzuri zaidi mbele.

Mafua hayakumwacha. Sasa hayakufuata sanduku la chuma, yalifuata vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kwa siri sokoni. Polisi wakifanya msako na wauzaji wakijificha, au barabara ikikatika, chafya zilisikika kibarazani. Muuza ndagala alikuwa na utani wake wa kila siku. "Docta, ni daraja gani leo?" Naye alimtajia daraja lililobomoka barabarani. Huyo mama alimdhihaki miaka yote hiyo, na ndiye pekee aliyemwekea bakuli la ugali jioni. Sijui kama kwake mambo hayo yalikuwa mawili au moja.

Mama alipofariki, nilikuwa nimekwisha kuajiriwa kufundisha hapa hapa Baraka. Siku moja nilimpelekea muuguzi chandarua ambacho hakikuchanika sana. Alikiangalia kwenye mwanga, akanitazama, akajua sikuja kwa ajili ya tundu lile. Akanivutia kigoda. Aliniuliza mama alikufa kwa nini, na kama mguu ulimsumbua mwishoni. Nikamwambia mguu haukumsumbua tena. Akashona muda, kisha, bila kuulizwa, akanisimulia lilivyoanza.

Alikuwa na jiwe la figo, na wakati huo huo alikuwa akimwuguza mzee mmoja aliyekuwa anakata roho. Mzee alichomwa nusu ampuli, akafa kabla ya nusu ya pili. Muuguzi akabaki na kioo mkononi. "Karatasi ilikuwa na mustari ya ampuli muzima," alisema, "na mustari ya ampuli tupu. Nusu haikukuwa na mustari." Kuimwaga aliona ni dhambi, dawa yenyewe imefika kwa taabu vile. Kuirudisha hakukuwa na mahali pa kuiandika. Wangemwuliza nusu nyingine iko wapi. Jiwe lilikuwa linamkata kiunoni. Akajichoma nusu ile, akaandika tupu. Maumivu yakaondoka, alisema, na pamoja nayo likaondoka jambo jingine ambalo hakujua kuwa alikuwa nalo tangu utotoni.

"Kwa hiyo uliizoea," nilisema.

Alitikisa kichwa. "Haiko mi njo niliizowea, mama. Ile dawa njo ilinizowea. Mi najua kuiacha. Yeye hajui kuniacha."

Kuhusu mama yangu hakuomba msamaha siku hiyo, nami sikumpa. Alichukua chandarua changu, akashona tundu, akakataa malipo. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo haikuwa na pa kukaa.

Nifunge kwa mwaka huu.

Muuguzi ana saratani ya mifupa, imeanzia kwenye nyonga. Kwenye hospitali alikopelekwa yupo daktari kijana, mwanamke makini, aliyefungua faili lake na kuusoma ukurasa wa zamani wa wizi. Ipo dawa ya majimaji, ya kunywa, ile ile jamii ya dawa alizoziiba, na anaistahili kama mgonjwa yeyote. Lakini kanuni inataka mtu mwingine aliyeaminika aishike chupa kwake, aitie saini, aje kumpimia asubuhi na jioni, aandike daftarini. Kwa mtu mwenye ukurasa ule, daktari hakuwa tayari kulegeza hata herufi moja. Asipopatikana mshika chupa, chupa haitoki. Walimwuliza ana nani. Alinitaja mimi.

Nilikwenda kumwuliza kwa nini, nikiwa nimejiandaa kukataa. Alikuwa amelala kwa ubavu, miguu imekuwa kama ya mtoto. "Batu bengine batanionea huruma," alisema. "Watanipa nyingi, ao wataniogopa wanipe kidogo. Weye unajua kitu nilifanya. Utapima."

Nikatia saini. Wiki mbili nilikwenda kwake asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, nikavuta dawa kwa bomba la plastiki mpaka kwenye alama, nikamtilia mdomoni, nikaandika. Alifuata alama kwa macho. Mikono yake ilibaki juu ya shuka, mahali ninapoiona, kila mara.

Wiki ya tatu mvua ikaanza. Gari lililobeba chupa mpya likalala Mboko. Nyumbani kwangu chupa ya zamani ilikuwa imebaki na siku mbili, na madereva walisema barabara ni siku nne, huenda tano. Nilimpigia daktari. Alisema nigawe niwezavyo, kwake pia hakuna. Niliketi jikoni, chupa mbele yangu. Pembeni palikuwa na sufuria ya maji yaliyochemshwa, yamepoa. Dawa ile haina rangi. Nikawaza: nikiijaza maji, ataona bomba limefika kwenye alama, moyo wake utatulia, na mara nyingine moyo ukitulia mwili hufuata. Niliwaza hivyo kwa wema kabisa. Nilikwisha kuinua kifuniko cha chupa nilipogundua nimesimama wapi. Nilikuwa ukumbini mwa kituo kile, mbele ya birika, na mtu nyuma yangu anakuja.

Sijui kama huko ni kusamehe. Niliifunga chupa, nikaifunika sufuria.

Nilipofika kwake alikuwa ameamka, anasikiliza mvua juu ya bati. Aliniuliza habari ya barabara, nikamwambia imekatika. Nikavuta dawa, nikaishia nusu ya njia kufikia alama, nikalileta bomba karibu na macho yake.

"Leo ni nusu, Papa," nilimwambia. "Jioni pia nusu. Mpaka barabara ifunguliwe. Hakuna mayi ndani."

Aliliangalia bomba muda mrefu. Niliona hofu ikipanda usoni mwake, hofu ya mtu anayejua saa kwa saa kitakachomfika, kisha niliona jambo jingine likija nyuma yake ambalo sikuwahi kuliona kwake.

"Nusu," alisema. "Njo hivi. Andika."

Nikamtilia mdomoni. Nikafungua daftari la hospitali. Lilikuwa na safu mbili: imetolewa, haikutolewa. Nikaweka kalamu chini, nikachukua kisanduku cha uzi wake wa vyandarua, kwa ukingo wake nikachora mstari ulionyooka pembeni ya safu zile, nikaandika juu yake neno hilo moja na tarehe.

Mpaka adhuhuri chafya zilikuwa zimeanza. Ilikuwa siku isiyo na masomo, nami sikuwa nimeondoka. Nje, chini ya turubai lake, muuza ndagala alizisikia.

"Docta," aliita, "ni daraja gani leo?"

Alijifuta pua kwa mkono wa shati, vifungo vimefungwa.

"La Mboko," alimjibu, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za barabara. Kisha akaninyooshea mkono akiomba daftari, asome mwenyewe.